Kupamba Nyumba Amu kwa Pesa Kidogo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Ukutani hadi Mkekani

Watu wengi tunapamba nyumba kinyumenyume. Mtu akipata chumba, la kwanza ni seti ya sofa, tena kwa mkopo. La pili ni televisheni na kabati la kuiwekea. Ukuta unaobanduka unafichwa kwa pazia refu linalometameta. Masika yakiingia, sponji ya sofa inaanza kunuka ukungu, na kabati lile la unga wa mbao uliogandishwa linafura miguu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hapa Amu, yaani Lamu, kidonda hicho hakichelewi kuonekana, kwa sababu hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima.

Wazee waliojenga mji huu walikuwa na vitu vichache: matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, ukindu, kamba ya makumbi. Kwa hivyo vichache walijenga nyumba ambazo leo watu wanapanda ndege kuja kuziona. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye chumba kimoja au viwili Langoni, Gadeni au Wiyoni, au aliyeachiwa ghorofa moja ya nyumba ya mawe ya ukoo kule Mkomani, na mfuko wake si mzito. Wa Malindi pia atafaidika, ila yeye barabara inamfikia mlangoni, kwa hiyo nitakapozungumzia ubebaji anaweza kupita.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja

Toa kila kitu chumbani. Kama huwezi kutoa vyote, visukume katikati uvifunike shuka. Kisha fagia, fungua madirisha, ukae humo asubuhi, adhuhuri na baada ya magharibi. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni jua. Linaingia wapi, saa ngapi, na linafika wapi? Vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haivuki mbali. Ndiyo maana upande wa ndani huwa giza hata mchana. Ukishajua mwanga unakatikia wapi, utajua pa kukaa, pa kulala na pa kuweka kioo.

La pili ni unyevu. Pitisha kiganja ukutani kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Palipo baridi kuliko kwingine, au palipo na unga mweupe kama sukari, hapo ukuta unavuta maji kutoka chini na kutoa chumvi. Weka alama kwa penseli.

La tatu ni vipimo. Pima chumba, kisha pima mlango, upana wa ngazi, na ile kona ambapo ngazi inageuka. Nyumba za Mkomani zina ngazi ambazo sofa ya watu watatu haipiti hata ikisimamishwa wima. Nimeona sofa ikilazwa barazani wiki nzima, mwenyewe akitafuta wa kumuuzia. Kumbuka pia kwamba mzigo ukitoka bara unapakuliwa Mokowe, unavuka kwa mashua, kisha unabebwa na punda au mkokoteni hadi kwako. Kila mkono unaoshika mzigo unalipwa. Kitu kilichoonekana rahisi dukani Mombasa kinafika kimeshapanda.

Kugawa pesa

Tuseme una shilingi 30,000. Mimi ningezigawa hivi: 9,000 ziende kwa kuta na marekebisho, 8,000 kwa pa kukaa, 6,000 kwa mkeka, 4,000 kwa taa na vitambaa, na 3,000 zibaki mfukoni kwa yale usiyoyaona bado. Ukiwa na 15,000, kata kila fungu nusu na mkeka uwe mdogo. Bei hubadilika kwa fundi na kwa msimu, kwa hiyo usizishike namba zenyewe, shika uwiano. Ukuta upate fungu kubwa kuliko samani. Wengi hawaniamini nikisema hivyo, lakini jaribu kuingia chumba cheupe safi chenye mkeka mmoja tu, halafu uingie chumba chenye sofa mpya na kuta zenye mabaka. Utaona ni kipi kinakupa raha ya kukaa.

Ukuta: kazi iliyo kubwa kuliko zote

Kama nyumba yako ni ya matumbawe, kuna makosa mawili ya kuepukwa. Usipige lipu ya saruji, na usipake rangi ya mafuta wala ya plastiki. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: unavuta unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi, na baada ya muda lipu yote inatoka kwa vipande. Rangi ya plastiki nayo inafura malengelenge. Watu wanalaumu fundi, kumbe kosa ni la kilichopakwa.

Dawa yake ni chokaa, na chokaa ndiyo rahisi kuliko rangi yoyote ya kopo. Fuata hatua hizi.

Anza na zile sehemu ulizowekea alama. Zisugue kwa brashi ngumu zikiwa kavu, uzoe ule unga wa chumvi, uutoe nje. Usiuoshe kwa maji, maana maji yanairudisha chumvi ndani ya ukuta na wiki ijayo itakusalimu tena. Palipobomoka paziwe kwa mchanga na chokaa, na mchanga uwe wa kuchimba au uliooshwa kwa maji matamu. Mchanga wa ufukweni una chumvi yake.

Nunua chokaa iliyokwisha zimwa. Ile isiyozimwa ikikutana na maji inachemka na inaweza kuunguza, iachie mafundi wanaoijua. Hata iliyozimwa inachoma ngozi na ni hatari kwa macho: vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Mimina chokaa ndani ya maji huku ukikoroga, mpaka upate uzito wa maziwa ya ng'ombe, si wa uji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaona maji maji, wanaongeza chokaa, na matokeo yake ukuta unachafua kila kanzu inayouegemea. Ikishakorogeka, iache ilale usiku mmoja. Asubuhi koroga tena na uichuje kwa kipande cha leso (kanga) kuukuu.

Sasa lowesha ukuta kwa brashi ya maji, uwe na unyevu bila kuchuruzika. Paka mkono mwembamba kabisa, brashi ikienda huku na huku kwa kukatana. Usishtuke: chokaa ikiwa mbichi inaonekana kama hujapaka kitu, ukuta wote unaonekana kupitia kwake. Ikikauka ndipo inapokuwa nyeupe. Subiri siku moja, lowesha tena kidogo, paka mkono wa pili. Mitatu au minne inatosha. Usipake ukuta unaopigwa na jua wakati huo, kwa sababu chokaa inagumu polepole kwa kula hewa, na ikikaushwa ghafla inabaki unga. Kuna wanaotia chumvi ndani ya chokaa ili ishike. Kwenye ukuta mkavu sina neno, lakini kwenye nyumba inayovuta unyevu mimi siungi mkono, kwani chumvi yenyewe inaita maji.

Ukitaka rangi, tia oksaidi ya unga, nyekundu au manjano, kidogo mno. Rangi hizi za udongo hazipaushwi na chokaa kama rangi nyingine. Ikoroge kwanza na maji kwenye kikombe, ndipo uimimine, na changanya ya kutosha ukuta mzima kwa mara moja, maana rangi ya pili haitalingana na ya kwanza. Ningekushauri ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya pa kukaa. Zilizobaki ziwe nyeupe, hasa zile zilizo mbali na dirisha.

Nyumba ya matofali ya saruji ambayo haijapakwa kitu inakubali chokaa vizuri. Iliyokwisha pakwa rangi ya plastiki haikubali. Hapo kwangua palipolegea na upake rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe iliyoingia umanjano kidogo. Mpangaji, muombe mwenye nyumba ruhusa, na umuombe pia akukatie gharama ya chokaa kwenye kodi. Wengi hukubali, nyumba ni yao.

Mwanga

Ukishapata ukuta mweupe, mwanga umepata pa kugonga. Tundika kioo kimoja kikubwa kwenye ukuta unaoelekeana na dirisha au na mlango wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kisiwe juu sana; mtu aliyeketi ajione. Kioo cha mitumba chenye fremu iliyochakaa kinatosha, fremu unaisugua na kuipaka upya.

Taa za usiku ndizo zinazoharibu nyumba nyingi. Tunatundika globu moja nyeupe katikati ya dari, chumba kinakuwa kama zahanati. Unaponunua taa ya LED, soma kwenye boksi: iliyoandikwa 2700 au 3000 kelvini ina mwanga wa manjano tulivu, ile ya 6500 ni nyeupe inayoelekea samawati. Bei ni karibu sawa. Weka ile ya manjano pa kukaa na chumbani, na nyeupe ibaki jikoni. Kisha, badala ya taa moja kali juu, weka mbili ndogo chini: moja kwenye kona, moja karibu na pa kusomea. Kikapu cha ukindu kilichosukwa kwa nafasi nafasi kikigeuzwa kinakuwa kivuli kizuri cha taa, mradi globu iwe ya LED isiyopata moto sana na isiguse ukindu. Kandili kuukuu lililosafishwa nalo linapendeza, na umeme ukikatika litafanya kazi yake.

Mkeka

Hapa usibane. Mkeka mmoja mkubwa wa ukindu unabadilisha chumba kuliko zulia lolote la dukani. Ni baridi mguuni, haushiki mchanga, unakunjwa ukifagia, na pesa yake inabaki kwa mama aliyeusuka.

Mkeka husukwa kwanza ukili, ule utepe mrefu mwembamba, kisha ukili unazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Kwa hiyo ubora wake unaonekana mahali pawili: kwenye msuko na kwenye mshono. Utandaze wote, usikubali kuonyeshwa ukiwa umekunjwa. Uinue upande mmoja uelekee jua: ukiona nukta za mwanga zimelingana, msuko ni mmoja, ukiona mahali mianya imepanuka, hapo ndipo utakapoanza kufumuka. Geuza upande wa chini, pitisha kidole kwenye mshono. Mshono mzuri haupandi wala hauachi shimo, na uzi hauonekani ovyo. Mwisho angalia pembe, kama zimefungwa. Kama una rangi, lowesha kitambaa cheupe usugue sehemu ndogo. Rangi ikitoka kitambaani, itatoka na kwenye nguo za wageni wako.

Ukindu ndio laini. Wa miyaa, yaani majani ya mkoma, ni mgumu zaidi na wa bei rahisi zaidi, unafaa barazani, ukumbini pa kupita watu, au chini ya mkeka wenyewe. Ujanja mmoja wa kuokoa pesa ni huo: jamvi kubwa la miyaa lifunike chumba, na mkeka mdogo wa ukindu wenye rangi uwe juu yake pale mnapokaa. Macho yanaenda kwenye ule mdogo.

Ni bora kuagiza kuliko kununua uliokwisha sukwa, kwa sababu utapata kipimo chako. Kata kamba yenye urefu wa chumba na nyingine ya upana, mpelekee msukaji kamba zenyewe. Chagua rangi mbili, zisizidi tatu. Lipa kianzio na uwe na subira, kwani kusuka ni kazi ya vidole.

Kuutunza si kazi. Usiloweshe, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ukipata maji, uanike kivulini penye upepo. Ukiuweka, uviringishe, usiukunje kunjo kali, ukindu unavunjika. Na usiuache wiki nyingi bila kuuinua, chini yake kutajaa ukungu.

Pa kukaa

Badala ya sofa, mpe fundi seremala kazi ya kitanda cha kamba. Fremu ya mbao, miguu minne, na kamba ya makumbi iliyowambwa. Mchana ni pa kukaa, usiku ni pa mgeni kulala. Upepo unapita chini na kupitia kwenye kamba, kwa hiyo godoro halishiki ukungu. Kamba ikilegea, inakazwa upya kutoka upande wa miguuni. Mwambie fundi aache nafasi hiyo, wengine husahau. Kamba ya nailoni ya wavuvi haiozi, lakini inateleza na kuvutika, na haina sura. Ningelipa zaidi kidogo nipate ya makumbi.

Juu yake weka godoro jembamba na mito. Usufi, ile pamba ya msufi, bado unapatikana, ni mwepesi na haushiki joto kama sponji. Ushindilie sana mtoni kwa sababu hunywea, na uanike juani mara kwa mara ufure tena.

Mbao zinazotoka kwenye majahazi yaliyokwisha kazi zinatengeneza meza na mabenchi yenye haiba ambayo mbao mpya haina. Lakini siku hizi zinasakwa na wenye mahoteli, na bei imepanda. Wewe omba vipande vifupi ambavyo wao hawavitaki: vinatosha rafu, stuli, fremu ya kioo. Toa misumari yote ya zamani, acha mbao zikauke kivulini kwa wiki kadhaa, na tahadhari na rangi iliyobaki juu yake. Rangi kuukuu za vyombo huenda zikawa na risasi ndani, kwa hivyo usizisugue msasa kavu ndani ya nyumba, na usizitumie kwa kitanda cha mtoto. Mbao ikiwa safi ipake mafuta ya kitani, futa yaliyozidi. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kapuni, mafuta haya yanapata joto yenyewe yakikauka na kitambaa kinaweza kushika moto. Kianike kimetandazwa nje, au kitie ndani ya maji.

Skrubu ziwe za shaba au zisizoshika kutu. Ni shilingi chache zaidi, na kwa chumvi yetu skrubu ya kawaida haimalizi mwaka kabla ya kuchuruza wekundu kwenye mbao.

Leso, vikoi na marekani

Pazia la dukani ndilo linalokula pesa bure. Leso moja ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Doti moja, yaani leso mbili, inatosha pazia la dirisha la kawaida: moja kushoto, moja kulia, na kitambaa cha kutosha kufanya mikunjo. Zifue kwanza kabla ya kushona, kwani pamba hunywea. Nyuma yake mwambie fundi cherehani atie marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na maua. Jua la hapa linakula rangi haraka, na marekani inazuia. Pia inaleta uzito wa kuning'inia vizuri badala ya kupepea kama bendera.

Kwa mito, leso inahitaji akili kidogo. Ukiikata kwa vipimo tu, vipande vya sentimita 48 kwa mto wa 45, utapata sita. Lakini leso ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina lake. Ukikata ovyo, mto mmoja utabeba nusu ya pindo na mwingine robo ya ua. Itandaze kitandani, weka karatasi ya gazeti uliyoikata kwa kipimo cha mto, uisogeze mpaka ua la mji likae katikati. Chukua vipande vya mbele pekee kwenye leso, vya nyuma viwe vya marekani. Vipande vyenye jina usivitupe, vishone upande mmoja wa tandiko. Na lisome hilo jina kabla ya kununua. Leso ya mafumbo unayovaa kwa siku moja ni jambo lingine. Ile itakayokaa mbele ya wakwe kila Ijumaa iwe na maneno ya heri.

Kikoi ni kizuri kwa kutandika kitanda cha kamba kwa kuwa kina mistari iliyonyooka na uzito. Kama leso zako ni za maua makubwa, kikoi kiwe cha rangi moja iliyomo kwenye leso hizo. Chumba kizima kifuate rangi mbili juu ya weupe wa ukuta, na moja ya hizo mbili iwe ileile ya mkeka.

Chandarua usikichukulie kama adha. Cha mraba, cheupe, kilichofungwa kwenye fremu ya fito nne juu ya kitanda, kinakipa chumba cha kulala sura ya chumba cha bibi harusi, nacho kinakukinga na mbu. Mchana kikusanywe pembeni kwa utepe wa ukili.

Zidaka na vitu vya ukutani

Ukienda kwenye nyumba ya makumbusho ya Kiswahili kule Mkomani, tazama ukuta wa ndani. Zile safu za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilikuwa za kuwekea vyombo vya thamani, sahani za China na vinginevyo, na zinakifanya chumba chembamba kionekane kina kina. Kama nyumba yako inazo, zisafishe, zipake chokaa, na uweke kitu kimoja tu katika kila kidaka. Vingine viache vitupu. Nimeona zidaka za miaka mingi zimejazwa chaja za simu, dawa za meno na risiti. Hizo zitafutie kikapu chenye kifuniko.

Kama huna zidaka, usichimbe ukuta wa matofali. Fundi akutengenezee visanduku vya mbao visivyo na mgongo, kina cha sentimita 15 hivi, vipakwe chokaa au rangi ileile ya ukuta, vipangwe kwa safu mbili zilizolingana. Kwa mbali macho yatadanganyika.

Vya kuweka humo vimo jikoni kwa mama yako: sinia ya shaba, mbuzi ya kukunia nazi isiyotumika tena, bakuli la maua lililoondoka ukingo, kawa yenye rangi, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa. Kawa tatu za ukubwa tofauti zikitundikwa pamoja zinapendeza kuliko picha za kuchapishwa za mitaa ya London. Magamba ya kasa usinunue hata ukibembelezwa. Sheria inakataza, na kasa wenyewe wamebaki wachache. Kombe na matumbawe yaache baharini.

Na milango. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sheria ya Kenya inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946. Kama mlango wa nyumba ya ukoo ni wa aina hiyo, usikubali mtu akuambie atakununulia mpya akachukua mkuukuu. Usiupake vanishi inayong'aa wala kuusugua kwa mashine. Brashi laini, kitambaa kikavu, na mafuta ya kitani kwa uchache. Ukitaka kubadilisha chochote upande wa nje wa nyumba, kata shauri kwanza na ofisi ya makumbusho. Ushauri wao unaweza pia kukuepusha na fundi wa saruji.

Harufu, mimea na baraza

Haya ni mepesi. Mrehani na asumini kwenye madebe yaliyotobolewa chini na kupakwa chokaa nje, yakae dirishani au kiwandani. Chetezo cha udongo na kipande cha udi jioni. Kabati la nguo litiwe majani makavu ya mwarobaini, wadudu hawayapendi. Barazani, jamvi moja na mito miwili ya kitambaa kigumu, iingizwe ndani usiku.

Ununue lini, na kwa mpangilio upi

Mwezi wa kwanza fanya ukuta na taa peke yake, hata kama utalala godoro chini. Wa pili agiza mkeka na kitanda cha kamba kwa pamoja, kwani vyote vinangoja mikono ya watu. Ukingoja, shona mapazia na mito. Rafu, kioo na vya kutundika vije mwisho, kimoja kimoja, ukishaona chumba kinaomba nini. Ukinunua vya kutundika mapema, utajikuta unatafuta mahali pa kuvibandika.

Usiagize karibu na Mfungo Sita. Maulidi yakikaribia mji unajaa wageni, wasukaji wana oda za watu, maseremala wameshikwa, na hata punda wa kubeba mchanga humpati kwa bei ya kawaida. Agiza miezi mitatu kabla. Chokaa irudiwe mkono mmoja kila mwaka baada ya masika, ukuta ukishakauka: ni ndoo moja na asubuhi moja, na ukianza kwenye pembe za chini palipokuwa na alama zako za penseli, utajua kama unyevu umepungua au bado unapanda.